NIA NJEMA PEKE YAKE HAITOSHI



Ndugu zangu katika imani, vijana wa darsa yangu waliniuliza: askari anayejifanya mhalifu ili awakamate wahalifu, hukumu yake ni nini? Walikuwa wameona filamu ya Kimarekani iitwayo Deep Cover, ya mwaka 1992, iliyoongozwa na Bill Duke. Nikaiangalia ili nijibu jambo ninalolijua. Siwashauri muiweke sebuleni mbele ya watoto, ina matusi na damu. Lakini funzo limo.

Mhusika mkuu ameigizwa na Laurence Fishburne. Akiwa mtoto alimwona baba yake, mtumiaji wa dawa za kulevya, akiuawa katika tukio la wizi. Akajiwekea ahadi kwamba hatapita njia ile. Akawa polisi, pombe hanywi, unga hagusi. Ndipo wakubwa wakamfanya askari kanzu. Wakampa jina jipya, wakampeleka Los Angeles auze kokeini mpaka awafikie vigogo.

Nia ilikuwa njema. Lakini tazameni kilichofuata. Anawauzia sumu watu walio kama baba yake. Anaua mtu, na hakuna wa kumuuliza. Anapomkaribia kigogo mwenyewe, wakubwa wanamwambia aache, kwa sababu za kisiasa. Mwisho anaivunja ahadi yake, anakunywa na kuvuta kokeini. Waliomtuma wako ofisini, wamevaa suti safi.

Sasa turudi kwenye dini yetu. Kupelelezana kumekatazwa katika Suratul Hujurat, aya ya 12. Hata hivyo, kutafuta habari za adui ili kuwalinda watu, kwa amri ya kiongozi, kuna mfano wake. Katika vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria, Mtume (S.A.W.) alimtuma Hudhayfa bin Al-Yaman (R.A.) aingie kambi ya maadui usiku wa baridi kali. Alimwekea mpaka: alete habari, asiwachokoze. Hudhayfa akamwona Abu Sufyan mbele yake, akaweka mshale kwenye upinde. Akaikumbuka amri, akauacha. Aliporudi akitetemeka kwa baridi, Mtume (S.A.W.) alimfunika kwa vazi alilokuwa akisalia, akalala mpaka asubuhi.

Tofauti mnaiona? Hudhayfa alitumwa usiku mmoja, kwa kazi yenye mpaka, na aliyemtuma alikuwa macho akimngojea. Yule wa kwenye filamu aliachwa miezi mingi bila mpaka, na hakuna aliyemfunika.

Kwa nini nayasema haya? Hapa mtaani tunao vijana wema wanaokwenda kukaa maskani na wenzao walioingia kwenye unga. Wananiambia, "Shekhe, nakwenda kuwavuta warudi." Wawili walioanza hivyo nimewasalia jeneza. Mmoja alikuwa muadhini wetu wa Alfajiri. Nia zao Allah anazijua, na tunawatarajia kheri. Lakini Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba anayekaa na mhunzi, kama hakuunguzwa nguo, atapata harufu mbaya. Hakusema kwamba mwenye nia njema hatanuka.

Basi kijana wangu, ukitaka kumwokoa mwenzako, usiende peke yako. Mwite yeye aje kwako, msikitini, nyumbani, kwenye chakula. Ukilazimika kumfuata, nenda na mwingine, sema unarudi saa ngapi, na kuwe na mtu atakayekuuliza ukichelewa. Siku utakapoambiwa, "Onja kidogo tukuamini," hapo ndipo mpaka wako. Ondoka.

Nasi wazazi na viongozi wa misikiti, tusiwatume watoto wetu kwenye moto kisha tukalala. Kijana akirudi ananuka moshi, tusimkimbie. Tumfunike.

Wallahu a'lam. Ya Allah, wahifadhi vijana wetu, na uwarehemu waliotangulia. Aamiin.