Changa, Weka, Tia

Nilipoanza kubuni lugha ndogo ya kuiamuru kompyuta iendeshe majaribio ya nadharia ya michezo, nilidhani ugumu ungekuwa katika hesabu. Kumbe ulinisubiri katika kitenzi kimoja.

Watafiti wengi wa fani hii wametumia z-Tree, programu iliyobuniwa na Urs Fischbacher mjini Zurich na kuelezwa katika makala yake ya mwaka 2007. Ina lugha yake maalumu ya kupanga hatua na malipo ya wachezaji. Nami nilitaka chombo cha namna hiyo chenye amri za Kiswahili, kila amri ijitokeze kwenye kioo kama kitufe, ili hata mama yangu na wenzake wa upatu hapa Likoni waweze kukitumia.

Mchezo wenyewe ni mwepesi. Watu wanne hupewa shilingi 100 kila mmoja. Kila mmoja huamua kwa siri atoe kiasi gani kwa kapu la pamoja. Kilichomo huzidishwa mara mbili, kisha wote hugawana sawa. Wakitoa zote, kila mmoja hupata 200. Lakini anayebana zake ilhali wenzake wametoa zote huondoka na 250.

Amri ya kutoa niliiita "changa". Mama na wenzake watatu walitoa zote, nami nikafurahi kwamba nimepima ukarimu. Usiku Mama akaniambia, "Mwanangu, nilitaka kubakisha hamsini. Lakini umeandika 'changa'. Nani aambiwe achange akatae?"

Nilikumbuka utafiti wa Jean Ensminger miongoni mwa Waorma wa Mto Tana, uliomo katika ripoti ya jamii 15 ya mwaka 2001. Washiriki walipoelezwa mchezo kama huu, waliuita wenyewe mchezo wa harambee. Kwao, jina lilitoka kwa wachezaji. Kwetu, nililitia mimi vinywani mwao.

Nikajaribu "weka". Jirani akauliza, "Niweke akiba yangu, au niweke kapuni?" Sasa amri ni "tia". Wanawake wanne wa kikundi kingine wameijaribu, na kapu halikujaa. Wanne ni wachache mno kuthibitisha lolote, lakini safari hii hakuna aliyeniambia kwamba aliona haya.

Wanafunzi wenzangu wa Kiswahili, kazi hii inatuhitaji kabla haijamhitaji fundi wa kompyuta.