Kupokea Siyo Kumaliza

Kwetu Njisi, jirani na mpaka wa Kasumulu, kakao inaanza kuwa pesa pale karani wa mizani anapoandika kilo na kukukabidhi risiti. Bila risiti, hata kama gunia limeshaingia ghalani, mzee hatulii. Nimeanza kuwaelewa wazee hawa vizuri zaidi nikiwa chuoni, kwenye projekti ya mwaka wa mwisho.

Projekti yenyewe ina programu tatu. Ya kwanza inapokea kilo kutoka kwenye mizani, ya pili inapiga hesabu ya malipo, ya tatu inamtumia mkulima meseji. Katikati yake nimeweka Redis, hifadhi ya data inayokaa kwenye RAM, ndiyo maana ina kasi. Iliasisiwa na Mtaliano Salvatore Sanfilippo mwaka 2009, na toleo la 5.0 la mwaka 2018 likaleta Streams, yaani mikondo ya ujumbe.

Kwa nini mkondo na siyo orodha ya kawaida? Kwenye orodha, programu ikichukua ujumbe, ujumbe unafutika hapohapo. Programu ikizima kabla ya kumaliza hesabu, kilo za mtu ndiyo zimekwenda hivyo. Kwenye mkondo, ujumbe unaingizwa kwa amri ya XADD, msomaji aliye kwenye kundi anausoma, lakini Redis inaendelea kuuhesabu kuwa ni deni mpaka msomaji atume XACK: "nimemaliza". Akifa njiani, mwenzake anaweza kuuchukua. Tangu toleo la 6.2 la mwaka 2021 kuna XAUTOCLAIM kwa kazi hiyo.

Ila angalia hapa. Msomaji anaweza kumaliza hesabu kisha akazima kabla ya kutuma XACK. Ujumbe utarudi, na mkulima atalipwa mara mbili. Dawa yake ni ileile ya karani: namba ya risiti. Ikishalipwa, ikija tena inakataliwa.

Sasa tuje kwenye umeme. RAM ikikosa umeme inasahau kila kitu. Redis huwa inapiga picha ya data na kuiweka kwenye diski, lakini kwa mipangilio inayokuja nayo toleo la 7, picha inapigwa baada ya dakika 1 kama kuna mabadiliko 10,000, dakika 5 kama yapo 100, au saa nzima kama lipo hata 1. Mizani ya kijijini inaweza isifikishe mabadiliko 100 ndani ya saa nzima tangu picha ya mwisho. Kwa hiyo umeme ukikatika, kazi ya karibu saa nzima inaweza kupotea. Mipangilio hiyo inawafaa wenye pilikapilika nyingi, siyo sisi.

Kwa hiyo nimewasha appendonly, na appendfsync nimeiweka always: kila badiliko linaandikwa kwenye diski kwanza ndipo Redis ijibu. Ndiyo, kasi inashuka. Wenzangu wananicheka, "Si bora ungetumia MySQL tu?" Kwa mizani moja wana hoja, sibishi. Ila hata huko swali ni lilelile: ni wakati gani una haki ya kumwambia mkulima "tumepokea"? Mtu aliyebeba kakao kwenye baiskeli toka asubuhi hana haraka ya milisekunde. Anataka kilo zake.

Wanachuo wenzangu, kama projekti yako inabeba jasho la watu, usiipime kwa kasi peke yake. Na usiishie kuiua programu tu, maana mfumo endeshi bado upo hai na unaweza kukuandikia yaliyobaki. Chomoa waya wa umeme wa seva kazi ikiwa katikati, washa tena, halafu hesabu risiti moja moja.