Swali la nyongeza

Nilipotea kwa sababu ya mitihani, sasa nimerudi na ubishi wa chumbani.

Jamaa ninayekaa naye, mtoto wa Dar, anasema kipindi cha maswali na majibu Bungeni ni igizo tu. Mbunge anapeleka swali mapema kwa maandishi, wataalamu wa wizara wanaandika jibu, naibu waziri anasimama na kulisoma "kama ifuatavyo", basi. Halafu anaigiza: upembuzi yakinifu, usanifu wa kina, kadri fedha zitakapopatikana. Tulicheka mpaka majirani wakagonga ukuta.

Sisi tuliokulia Kabanga, Kasulu, maneno hayo tumeyajulia barabarani. Barabara ya Kidahwe hadi Nyakanazi wabunge wa Kigoma wameiulizia miaka na miaka, na vumbi lake nimelila tangu nikiwa napakatwa kwenye basi. Lami ilikuja kipande kipande. Kwa hiyo siwezi kusema jamaa ni muongo.

Ila kuna kitu anakiruka. Jibu likishasomwa, mwenye swali ananyanyuka tena: "Mheshimiwa Spika, nina maswali mawili ya nyongeza." Hayo waziri hana karatasi yake. Hapo ndipo unamjua nani anaielewa wizara na nani anasoma tu. Na Alhamisi kuna maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu, utaratibu ulioanza enzi za Spika Samuel Sitta. Haki yenyewe imo kwenye Katiba, Ibara ya 63(3)(a): kumwuliza waziri yeyote swali lolote la mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake.

Nikamkumbusha Alhamisi ya tarehe 29 Januari 2009. Siku hizo watu wenye ualbino walikuwa wanauawa Kanda ya Ziwa na mikoa ya jirani. Waziri Mkuu Mizengo Pinda alikuwa ametoka ziarani, na huko alisema wauaji hao nao wauawe. Bungeni akatakiwa kueleza: inakuwaje kiongozi wa serikali anaruhusu watu wajichukulie sheria mkononi? Alianza kujibu, akaeleza mambo aliyoyaona na kusikia, mara akalia. Waziri Mkuu analia mbele ya nchi nzima! Wengine walimhurumia, wengine hawakuridhika. Mimi nasema swali lilikuwa la haki, na machozi yake hayakulifuta. Karatasi ya wizara isingetuonyesha vyote viwili.

Kwa nini nalishikilia hili? Kwa sababu watoto waliokimbia mauaji yale waliletwa kwetu. Kabanga kuna shule ya msingi yenye wanafunzi wenye mahitaji maalum, na kuanzia 2008 watoto wenye ualbino walipelekwa pale kulindwa, wengine na mama zao. Rafiki yangu mmoja alikuwa wa huko. Aliletwa mdogo kiasi kwamba kijiji chao alikuwa anakikumbuka kwa mti wa maembe tu. Likizo ikifika sisi tunakwenda makwetu, yeye anabaki. Siku moja akaniuliza, "Hivi nikirudi, mama atanijua?" Sikuwa na jibu, nikampa nusu ya muhogo wangu.

Wabunge waliolijua jambo hili kwa ngozi zao walikuwepo. Al-Shaymaa Kwegyir aliteuliwa na Rais Kikwete 2008, na 2010 Lindi Mjini wakamchagua Salum Barwany wa CUF. Lakini mtoto aliyepo Kabanga, kwao mkoa mwingine, nani amwulizie? Mbunge wa kwao hamjui. Wa huku hakuchaguliwa na wazazi wake. Halafu kuna jambo wengi hawalitazami: waziri haulizi maswali Bungeni, yeye anajibu. Kasulu Mjini kwa sehemu kubwa ya kipindi cha 2020 hadi 2025 mbunge wake, Profesa Joyce Ndalichako, alikuwa waziri. Raha kuwa na mtu wa kwenu kwenye baraza, ila kiti cha kuulizia kinakuwa wazi.

Jamaa akasema, "Sasa wewe ungeuliza nini?" Nikachukua daftari. Swali la msingi: Je, Serikali ina mpango gani wa kuwarudisha salama kwa familia zao watoto wenye ualbino waliokulia kwenye shule na vituo? Akasema hilo nitajibiwa "Serikali inaendelea kuratibu." Haya, la nyongeza: Katika mwaka uliopita wamerudi wangapi, na nani aliwafuatilia baada ya kurudi?

Akanyamaza kidogo, kisha akasema niondoe "nani", niweke "ofisi ipi", maana waziri ataponyokea hapo. Kweli bwana. Nimebadilisha. Nataka kumpelekea mbunge kabla kikao hiki hakijaisha, kwa hiyo mwenye jicho kali alisome na aniambie wapi pengine pana mwanya.