Kuchagua Chombo cha Kufuata Nyota

Watu wengi hudhani ya kuwa mtu akiwa na kamera nzuri hahitaji kitu kingine ili kupiga picha ya nyota. Sivyo. Dunia yetu haitulii. Huzunguka mara moja kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4, na kwa hiyo nyota huonekana kwenda magharibi digrii 15 kila saa. Kwa dakika 2 tu nyota huhama kadiri ya upana wa mwezi. Ukiiacha kamera wazi muda huo, nyota hazitokei kama nukta bali kama mistari. Wapiga picha wana hesabu yao: gawanya 500 kwa urefu wa lenzi katika milimita. Lenzi ya milimita 50 hupata sekunde 10, nazo hazitoshi kwa nuru hafifu ya Njia ya Maziwa. Dawa yake ni chombo kidogo kiwekwacho kati ya kamera na miguu yake mitatu, ili kuigeuza polepole kwa mwendo ule ule wa nyota.

Chama chetu cha Elimu ya Nyota kilikuwa na akiba ya mihula miwili, tuliyoipata kwa kuuza mboga za bustani yetu. Mwalimu wa Fizikia alikubali kutuazima kamera yake. Ndipo yalipoanza majadiliano: tununue chombo gani?

Mweka Hazina wetu alikuwa amesoma habari zao zote. Star Adventurer 2i ya Sky-Watcher hubeba kilo 5 na hutumia betri 4 ndogo. SkyGuider Pro ya iOptron nayo hubeba kilo 5, na betri yake imo ndani. MiniTrack LX2 ya Omegon haina betri kabisa. Hutiwa ufunguo kama saa ya jikoni, ikafanya kazi dakika 60. Alisema, na maneno yake yalikuwa na nguvu, kwamba kitu kizuri hununuliwa mara moja, tena kwamba lenzi ndefu haivumilii kazi ya kubahatisha.

Mimi nilimjibu kwa mambo mawili. Kwanza, mahali petu. Chombo cha namna hii hakifai kitu mpaka mhimili wake uelekee ncha ya mbingu. Mtu wa London huitazama Nyota ya Kaskazini, iliyoinuka kwake kama digrii 51, akamaliza kazi. Lakini sisi Uganda tunakaa juu ya Ikweta, ile inayokata barabara ya Kampala na Masaka pale Kayabwe. Kwetu ncha zote mbili zimelala kwenye upeo wa macho, nyuma ya vilima na ukungu. Darubini ndogo ya kutafutia ncha, ambayo mnunuzi huilipia, kwetu haina la kutazama. Tena anunuaye na ahakikishe kwanza kwamba stendi yake hushuka hadi digrii 0.

Jambo la pili ni fedha. Bei ya vyombo hivyo ni mamia ya dola. Sisi wa Senior Six twaondoka mwaka huu. Je, ni haki tuwaachie wadogo zetu sanduku tupu na mashine ambayo ikiharibika hapana fundi wa karibu wa kuitengeneza?

Tulipiga kura. Upande wangu ulishinda kwa kura moja tu, na Mweka Hazina, kwa uungwana wake, ndiye aliyekwenda kununua bawaba.

Chombo tulichokitengeneza ni mbao mbili zilizounganishwa kwa bawaba, na bolti ya M6 inayosukuma ubao wa juu. Hesi ya bolti hiyo husogea milimita 1 kwa kila mzunguko. Ikiwekwa milimita 228.5 kutoka bawaba, ikazungushwa mara moja kwa dakika, ubao hufunguka kwa mwendo wa nyota. Tuliweka duara la kadibodi lenye alama kama uso wa saa, na mzungushaji huufuata mshale wa sekunde bila kuruka. Bawaba hulazwa sawasawa kwa pimamaji, ikielekea kaskazini na kusini, nayo iwe upande wa magharibi. Kaskazini tuliipata kwa kijiti na kivuli cha jua, kwa kulinganisha vivuli vya asubuhi na alasiri vyenye urefu mmoja.

Mwezi wa Julai, wakati wa kiangazi, tulipiga picha ya Nge kwa dakika 2. Nyota zilitokea nukta, na mawingu meusi ya Njia ya Maziwa yalionekana wazi. Lakini sitaki kumdanganya msomaji: bolti iliyonyooka hufaa kwa dakika chache tu, kisha kosa hukua, na kwa lenzi ndefu Mweka Hazina alisema kweli. Mwenye fedha zake na haja hiyo, na anunue.

Lakini mwenye kuchagua asiulize tu, "Kipi kilicho bora?" Na aulize pia kitatumika wapi, na nani atakayebaki nacho. Akiba yetu ingali sandukuni, isipokuwa bei ya mbao, bawaba na bolti. Wanafunzi wa Senior Two wamekwisha kujifunza kuzungusha, na mmoja wao, msichana, mkono wake ni mtulivu kuliko wetu sote.