Tundu la Sita

Silaha si mada yangu ya kawaida, na siandiki hapa kuzisifia. Naandika kwa sababu suala la kuchagua kati ya toleo la zamani na toleo jipya la bastola moja mashuhuri ya Marekani linagusa swali ambalo sisi tunaosomesha na kujadili utawala hatuwezi kulikwepa: usalama wa watu tuutegemeze kwenye uangalifu wa mtu binafsi, au kwenye namna kitu kilivyoundwa?

Bastola yenyewe ni Ruger Blackhawk. Ina silinda yenye matundu sita, na mtumiaji hulazimika kuikoki kwa kidole gumba kabla ya kila risasi. Ilitoka mwaka 1955, wakati sinema na televisheni za Marekani zilipokuwa zimejaa visa vya wachunga ng'ombe, ilhali kampuni ya Colt ilikuwa imesitisha tangu enzi za Vita Kuu ya Pili kuunda bastola yake ya mwaka 1873 iliyohusishwa na wachunga ng'ombe hao. Ruger iliziba pengo hilo. Springi zake zilikuwa imara kuliko zile za Colt, lakini ilirithi udhaifu wa asili. Nyundo ikiwa imelala mbele ya tundu lenye risasi, nguvu yake hufika moja kwa moja kwenye fataki. Bastola ikianguka na kupigwa kwenye nyundo, risasi yaweza kutoka bila mtu yeyote kugusa kifyatuo.

Wazee walikuwa na dawa yao: risasi tano katika bastola ya sita. Weka moja, ruka tundu moja, weka nne, koki, kisha shusha nyundo taratibu. Nayo itatua kwenye tundu tupu. Kanuni hiyo ilisimama kwa miaka mia moja, na haikuandikwa popote katika chuma chenyewe. Iliandikwa katika kumbukumbu ya mtumiaji.

Mwaka 1973 Ruger ilitoa toleo jipya. Ndani yake mna kipande cha chuma kinachopanda kati ya nyundo na kipigo cha fataki pale tu kifyatuo kinapovutwa hadi mwisho. Kifyatuo kisipovutwa, nyundo haiigusi fataki hata ikigongwa. Matundu yote sita yaweza kujazwa. Kwa nje, tofauti ni ndogo: toleo la zamani lina skrubu tatu ubavuni, jipya lina pini mbili. Wapenzi wa zamani hulalamika kwamba mvuto wa kifyatuo si laini kama awali, na kwamba ile milio minne inayosikika wakati wa kukoki imepotea.

Nilipokuwa masomoni katika jimbo moja la magharibi mwa Marekani, nilipanga chumba kwa mzee mmoja mstaafu aliyerithi Blackhawk ya skrubu tatu kutoka kwa baba yake. Alikusudia kumpa mjukuu wake, naye alikuwa njia panda. Kiwanda hujitolea kuzibadilisha bastola za zamani bila malipo: unaituma, wanaweka mtambo mpya wa usalama, kisha wanakurudishia bastola pamoja na vipuri vyake vya awali. Lakini wakusanyaji wa silaha huithamini zaidi ile ambayo haijaguswa. Aibadilishe? Aiache ilivyo? Au amnunulie kijana toleo jipya na hii ibaki kabatini?

Aliniuliza maoni yangu, nadhani kwa kuwa mimi nilikuwa mgeni wa mambo hayo na sikuwa na upande. Nilimuuliza ni nani aliyemfundisha kanuni ya risasi tano. Akasema ni baba yake, kwa miaka mingi ya kwenda naye porini. Nikamuuliza kama mjukuu naye alikuwa na miaka hiyo. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kijana alikuwa akija kumtembelea wiki mbili kwa mwaka. Kabla ya mwezi kwisha aliituma bastola kiwandani.

Nimelitafakari jambo hilo mara nyingi tangu wakati ule. Chuma hurithiwa kwa siku moja. Mazoea hayarithiwi hivyo. Yule baba hakuwa mzembe, wala mwanawe. Kitu walichokuwa nacho kilikuwa salama mikononi mwao tu, na hatari yake ilikuwa ikimsubiri mtu wa kwanza ambaye asingejua.

Linalonisumbua zaidi ni kuchelewa kwa mabadiliko. Ufumbuzi huo haukuwa ugunduzi wa 1973. Mwishoni mwa karne ya 19 kampuni ya Iver Johnson tayari ilikuwa ikiuza bastola za bei nafuu zenye kipande cha namna hiyo, na ilizitangaza kwa kualika watu waigonge nyundo ya bastola kwa nyundo ya fundi. Maarifa yalikuwapo. Kilichokosekana ni msukumo. Sheria ya Marekani ya mwaka 1972 iliyounda tume ya usalama wa bidhaa za walaji iliziacha silaha za moto nje ya mamlaka ya tume hiyo, hivyo mzigo ukaangukia majeruhi na mawakili wao. Kesi moja ilifika hadi Mahakama ya Juu ya Alaska mwaka 1979, ikimhusu mtu aliyejeruhiwa baada ya bastola ya zamani ya Ruger kumponyoka mkononi. Mpango wa kubadilisha bure ulikuja mwaka 1982, nao ni wa hiari. Zipo nyingi ambazo hazijabadilishwa hadi leo.

Nisieleweke vibaya. Kipande kile cha chuma humkinga mtu na mtelezo, hakimkingi na nia. Bastola mpya itamuua mke wa mlevi sawasawa na ya zamani, na mtoto anayevuta kifyatuo hataokolewa na pini mbili. Ndiyo maana leseni, ukaguzi na kabati lenye kufuli havina mbadala.

Hata hivyo, somo la skrubu tatu linatuhusu. Katika ofisi zetu tunapenda semina za maadili. Tunamsifu mhasibu mwaminifu anayeshika funguo zote peke yake, na siku akistaafu tunashangaa fedha zinapotoweka. Mhasibu yule alikuwa ndiye tundu letu tupu, na tulisahau kwamba aliyemfuata hakufundishwa kuruka hesabu. Saini mbili, daftari lililo wazi na ukaguzi wa kushtukiza si matusi kwa mtu mwema. Ni heshima kwa raia atakayehudumiwa na mtu ambaye bado hatumjui.

Anayependa uzuri wa toleo la zamani na alitunze. Lakini kitu kitakachopita mikononi mwa wengi, kiwe silaha au ofisi ya umma, kiundwe kwa ajili ya siku ambayo mshikaji wake atateleza.