Mwizi wa Petroli

Watu husema, "Lisemwalo lipo, kama halipo laja." Methali hiyo twaipenda, na mara nyingi ni kweli. Lakini mwaka 2018, huko Masisi katika Kivu ya Kaskazini, ilikaribia kututia katika kosa la kumsingizia mtu mwema. Twapenda kuwasimulia habari hiyo, maana yamfaa kila mwenye motokaa au pikipiki, na yamfaa hata asiye nayo.

Shule yetu ilipata motokaa kuukuu ya petroli, yenye kabureta, iliyokuwa imefanya kazi miaka mingi kule Walikale. Pamoja nayo alikuja shoferi wake, mzee mtaratibu, baba wa watoto sita. Kazi yao ilikuwa kuchukua vitabu, unga na maharagwe, na mara nyingine kumpeleka mgonjwa hospitali. Huko Walikale ilikula lita 20 kwa mwendo wa kilomita 100. Ilipofika kwetu, mwezi wa kwanza ilikula 24. Mwezi wa tatu ikala 30. Na fedha ya petroli hutoka kwa wazazi, ambao wengi wao huishi kwa kuuza jibini na viazi.

Basi, minong'ono ikaanza: "Shoferi anauza petroli njiani." Kamati ya wazazi ikakutana, nasi tuliokuwa waandishi wake tukaiandika barua ya kumfukuza kazi. Haikusalia ila sahihi.

Usiku ule mzee akabisha hodi kwetu. Hakulia wala hakuapa. Alisema tu, "Mwalimu, mimi sikuiba. Kesho njoo uutazame moshi, ndipo utie sahihi."

Seminarini tulifundishwa Kilatini, hatukufundishwa mambo ya mashini. Lakini tulifundishwa kwamba mshitakiwa husikilizwa kwanza. Asubuhi tukajaza tangi mbele ya mashahidi watatu, tukafunga kifuniko kwa kufuli, ufunguo tukautia mfukoni. Tukaketi karibu na shoferi mpaka Sake na kurudi, wala hatukumwacha peke yake hata dakika moja. Tulipopima tena, petroli ilikuwa imepungua kwa kadiri ile ile ya siku zote. Kumbe mwizi alikuwamo ndani ya mashini!

Tukamwita fundi. Alitueleza hivi: mashini huvuta hewa na petroli pamoja. Kwa uzito, sehemu moja ya petroli huhitaji karibu sehemu 15 za hewa ili iungue yote. Petroli ikizidi, sehemu yake hukosa hewa ya kuungua nayo, hutoka bure katika moshi. Tena yaweza kuosha mafuta kwenye kuta za silinda na kuteremka mpaka chini, ikayafanya mafuta ya mashini kuwa mepesi. Alichomoa kijiti cha kupimia mafuta, akakinusa, akatupa nasi tunuse: harufu ya petroli kabisa.

Akatufundisha kusoma moshi. Moshi wa buluu ni mafuta ya mashini yanayoungua. Mweupe mzito usiokwisha, huenda maji yameingia. Mweusi ni petroli iliyozidi. Wetu ulikuwa mweusi. Akafungua bujia: zilikuwa na masizi makavu kama chungu cha kuni, na bujia ya mashini nzima huwa na rangi ya kahawia hafifu.

Hapo akaanza na jambo jepesi. Chujio la hewa lilikuwa limezibwa na vumbi, akaweka jipya. Kisha akatazama kile kilango kinachoizuia hewa wakati wa kuwasha mashini ya baridi, kilifunguka vizuri. Ndipo akafungua kabureta. Ndani mna boya dogo la shaba. Petroli ikijaa, boya hupanda na kusukuma sindano inayofunga njia. Fundi alilitikisa boya lile sikioni, akacheka. Ndani mlisikika kitu kikichezacheza. Boya lilikuwa na tundu dogo kama ncha ya sindano, limekunywa petroli, limekuwa zito, halipandi tena ipasavyo. Ndiyo maana ulaji ulizidi mwezi kwa mwezi.

Akalitia katika maji ya moto, mbali na mwali wowote. Mapovu yakaonyesha tundu. Akaimwaga petroli yote, akangoja hata mvuke wake ukaisha, maana kulehemu boya lenye mvuke wa petroli ni kujitafutia kifo. Akaziba kwa risasi kidogo sana, kwa kuwa risasi nyingi hulifanya boya kuwa zito tena. Akatuambia kwamba ndani ya risasi ile mna bati, na bati hutoka katika kasiteriti, mawe yale yale yachimbwayo Bisie, huko Walikale.

Likabaki jambo la mwisho. Walikale ni nchi ya msitu, iliyo chini. Vilima vya Masisi mahali pengi hupita mita 2,000. Juu hewa ni nyepesi, lakini tundu la kabureta lipimalo petroli ni lile lile. Fundi akaweka lenye tundu dogo zaidi, akatuonya: "Mkishuka tena Walikale, rudisheni la kwanza, maana petroli ikipungua mno mashini hupata moto na kuharibika." Mwisho akabadili mafuta.

Tangu siku ile motokaa ilikula lita 22. Lita mbili zile ni haki ya milima.

Barua tuliichana mbele ya kamati. Tukamwambia shoferi, "Mzee wetu, tumekukosea." Akajibu, "Mwalimu, mashini imeponywa kwa siku moja. Jina langu huko sokoni, je, litaponywa kwa siku ngapi?" Jumapili iliyofuata tuliwaeleza watu wote jambo hilo, lakini wengine walikuwa wamekwisha rudi vijijini kwao na habari ya kwanza.

Ndugu wasomaji, mkiona kitu kinapungua, pimeni kwanza kabla ya kumtaja mtu.