Mahindi Yaleyale, Msikilizaji Mwingine

Makala yangu ya kwanza kuhusu kuhifadhi mahindi nilimwandikia mwanamume mwenye kihenge. Nilikuwa bibi shamba kabla sijaingia gazetini, kwa hiyo mtu huyo nilimjua vizuri. Ndiye aliyekaa mbele kwenye mkutano wa kijiji, ndiye aliyekwenda mjini kununua dawa, na gazeti lilipofika na basi, likiwa limeshachelewa, ndiye aliyelifungua kwanza. Mahindi yake aliyavuna na maganda yake, mengine akayajaza kihengeni, mengine akayapandisha darini juu ya jiko ili moshi uwafukuze wadudu. Baba yake alifanya hivyo, na babu yake pia, na miaka mingi ilitosha.

Haikutosha tena alipoingia mdudu aitwaye dumuzi. Asili yake ni Amerika ya Kati, na hapa Afrika alibainika kwanza kwetu Tanzania, mkoani Tabora, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Fukusi tuliyemzoea alitoboa punje na kuacha nyingine. Dumuzi aliingia ndani ya gunzi akasaga, hata ukifungua kihenge unakuta unga umejaa chini na magunzi yamebaki mepesi mkononi. Katika baadhi ya maghala ya wakulima wa Tabora ulipimwa upotevu wa hadi asilimia 34 ya uzito katika miezi michache tu. Makopa ya muhogo nayo aliyala, na miti iliyojengea kihenge aliitoboa. Wako wakulima waliomwita Scania, kwa jina la lori la mizigo mizito.

Basi nikaandika. Makala ilikuwa ya safu mbili, na chini yake jedwali la vipimo. Ilieleza kwamba dumuzi hushambulia vizuri zaidi mahindi yaliyo kwenye gunzi, kwa sababu punje zilizoshikana humpa mahali pa kukaza miguu anapotoboa. Ukipukuchua, punje zinamtelezea. Ilieleza pia kwa nini dawa mpya ya unga ilichanganywa viambato viwili: pirimifosi-methili iliyommudu fukusi, na permethrini iliyommudu dumuzi. Kipimo kilikuwa gramu 100 kwa gunia la kilo 90. Katikati ya maelezo hayo, kati ya kupukuchua na kuchanganya dawa, palikuwa na sentensi moja fupi: hakikisha mahindi yamekauka vizuri. Naitaja kwa sababu itarudi.

Makala ile ilisomwa. Nilipokuwa nikipita vijijini niliiona imebandikwa ukutani, jedwali likiwa limezungushiwa wino. Kwa mwandishi wa ukurasa wa ukulima hakukuwa na heshima kubwa kuliko hiyo, na hadi leo naikumbuka kwa furaha.

Sheria ya utangazaji ya 1993 ilipofungua mlango kwa redio za watu binafsi, mtayarishaji mmoja wa vipindi aliniomba nipeleke makala zangu za zamani zisomwe hewani. Nilidhani kazi imekwisha kabla haijaanza: maneno yapo, sauti ipo, nani asiyetaka kusomewa? Tulipoketi studio kuyasoma kwa majaribio, jedwali ndilo lililotukwamisha. Mtu anayesoma anaweza kurudisha jicho juu, akapima, akauliza jirani. Anayesikiliza huku anapalilia, namba ikipita imepita. Tukaitoa gramu, tukasema pakiti. Tukasema pakiti moja, gunia moja, kisha tukarudia mwishoni, kisha mtangazaji akarudia tena kabla ya muziki. Nusu ya makala ikaondoka ili kipimo kimoja kibaki.

Barua zilizofuata hazikutoka kwa mwanamume mwenye kihenge peke yake. Wanawake waliandika, au waliandikiwa na watoto wao wa shule. Waliuliza mambo ambayo gazeti halikuwahi kuulizwa: mahindi yaliyotiwa dawa leo yanaweza kusagwa lini? Magunia yaliyotumika mwaka jana yafuliwe au yachomwe? Mtoto akila punje mbichi iliyotiwa dawa afanywe nini? Maswali hayo yalikuwa ya mtu anayegusa mahindi kila siku, na majibu yake hayakuwamo katika makala yangu. Ikabidi niwaulize wataalamu wa viatilifu upya, na makala ikapata nusu nyingine.

Hapo ndipo nilipoanza kuheshimu kazi hii ya kuyatoa maandishi ya zamani na kuyapeleka kwa watu wapya. Inaonekana nyepesi kwa sababu karatasi imeshajaa. Ugumu wake uko kwenye kuamua kipi kisitoke kabatini kabisa. Siku moja kijana mmoja wa redio alikuja amefurahi, ameshika kijitabu cha ushauri wa kilimo kilichochapishwa kabla ya wakati wangu. Kiswahili chake kilikuwa kizuri ajabu, sentensi fupi, mifano iliyonyooka, michoro safi. Alitaka kukisoma kama kilivyo. Ukurasa wa kuhifadhi nafaka ulimwambia mkulima anyunyize DDT, na uliofuata ukamtajia lindeni. Kemikali ya kwanza imo katika orodha ya Mkataba wa Stockholm wa kudhibiti kemikali hatari zinazodumu muda mrefu, tangu mkataba huo uliposainiwa 2001, na ya pili iliongezwa 2009. Kijitabu hakikuwa kimesema uongo kwa wakati wake. Lakini msikilizaji wa jioni hiyo hakijui kijitabu, haioni rangi ya karatasi, hausikii umri wake. Anasikia sauti ya leo ikimwambia afanye leo. Kijana alinielewa. Tulichukua michoro na namna ya kusema, ushauri wa dawa tukauacha ulipo.

Kisha ukaja mwaka 2004. Nchini Kenya, Makueni na Kitui na wilaya jirani, watu walianza kuugua, macho yakigeuka manjano na matumbo yakijaa maji, baada ya kula mahindi ya nyumbani. Waliougua walihesabiwa 317, na waliofariki 125. Chanzo kilikuwa sumukuvu, sumu inayotengenezwa na fangasi anayeitwa Aspergillus flavus katika nafaka zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Huioni kwa macho, na kupika hakuimalizi. Niliposoma taarifa zile nilikwenda kuitafuta makala yangu ya dumuzi, nikaisoma polepole. Ile sentensi moja ya katikati, hakikisha mahindi yamekauka vizuri, ndiyo iliyokuwa habari yote. Mambo mengine yote pale yalimhusu mdudu. Sentensi ile peke yake ilihusu uhai wa mtu.

Nikaivunja makala, nikaijenga kuanzia hapo. Kukauka vizuri ni kukauka vipi? Mtaalamu anasema unyevu wa asilimia 13, na mkulima hana mashine. Kwa hiyo makala mpya ilibeba chupa na chumvi. Chukua chupa safi iliyokauka, yenye kifuniko. Tia punje hadi theluthi ya chupa, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi iliyokauka kabisa, tikisa kwa nguvu dakika moja, kisha iache itulie kama robo saa. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji, yarudishe juani. Ikishuka yote chini, yanaweza kuhifadhiwa. Halafu jua lenyewe: anika juu ya turubai au kichanja, si juu ya udongo, kwa sababu fangasi huyo anakaa udongoni na mahindi yaliyoanikwa chini yanamwokota. Maneno hayo niliyaandika kwa hofu ambayo sikuwa nayo nilipoandika habari za dumuzi. Mdudu hula akiba ya mwaka, lakini sumukuvu humwua mtoto.

Mwaka 2016 ukatokea msiba wa namna hiyo kwetu, katika mikoa ya Dodoma na Manyara: Chemba, Kondoa, Kiteto. Watu wapatao 20 walifariki. Makala ya chupa na chumvi ikatoka tena, safari hii kwenye redio za jamii, na mimi nikaanza kuitwa niizungumze kliniki, kwa akina mama wanaosubiri kupima watoto uzito.

Kliniki moja ya mjini ndiyo iliyoipindua makala yote. Nilikuwa nimeshafika kwenye turubai nilipomwona mama mmoja kijana, mtoto mgongoni, ameinua mkono.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Bibi, mimi silimi. Sina shamba wala turubai. Mahindi nanunua sokoni, karanga nanunua sokoni, nasagisha uji wa mtoto. Sasa mimi nifanyeje?”

Wenzake wengi wakaitikia kwa pamoja, na nikaona kwamba ukumbi mzima ulikuwa wa wanunuzi. Makala iliyoanza shambani ilikuwa ikiwafikia mwishoni kabisa, wakati wameshachoka kusikiliza. Nikaigeuza, nikaianzia jikoni. Kabla ya kusagisha, mwaga mahindi kwenye ungo, chambua punje moja moja. Zilizovunjika, zilizobadilika rangi, zenye ukungu, zenye matundu, zitoe zote. Karanga zilizosinyaa na zenye ngozi iliyofifia zitoe pia, maana karanga hubeba sumukuvu kama mahindi. Ukiweza, koboa, kwa kuwa sehemu kubwa ya sumu hukaa kwenye ganda na kiini cha punje, ile inayotoka kuwa pumba. Usitegemee mahindi na karanga peke yake kwenye uji. Tia ulezi, tia mtama. Na mtoto wa chini ya miezi sita anyonye tu, asipewe uji wowote.

Hilo la kukoboa lilinipa shida, na bado linanipa. Miaka yote tumewahimiza watu wale dona kwa sababu ina lishe kuliko sembe. Ushauri huo ni sahihi pale mahindi yalipo safi. Nilipouandika kwa akina mama wa kliniki niliyaweka yote mawili bayana, dona kwa mahindi unayoyajua yalikotoka, kukoboa kwa yale usiyoyajua, na sikutaka mtu anifupishie. Wahariri wanapenda ushauri wa mstari mmoja. Chakula cha mtoto hakikubali mstari mmoja.

Wafanyabiashara wa Kibaigwa, penye soko kubwa la nafaka mkoani Dodoma, walihitaji toleo lao, fupi na lenye kiwango: mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kilo ya mahindi, zaidi ya hapo mzigo hauruhusiwi katika viwango vya Afrika Mashariki. Kwao lugha ya hasara ilifika haraka kuliko lugha ya ugonjwa, na sikuona ubaya wowote wa kuitumia.

Kisha simu. Vijana wanaolima kwa kukodi mashamba hawakai kusikiliza kipindi cha nusu saa, wanasikiliza ujumbe wa sauti wa WhatsApp wakiwa kwenye bodaboda. Mmoja wao alinisaidia kuikata makala vipande, kila kipande jambo moja. Kwa vijana hawa dawa ya unga ya enzi za dumuzi karibu imetoka kabisa katika maelezo, imeingia mifuko ya PICS yenye tabaka tatu. Ukiifunga vizuri, wadudu waliomo humaliza hewa wakafa bila dawa yoyote. Lakini nilisisitiza kipande cha chupa na chumvi kitangulie cha mifuko, maana mahindi mabichi ukiyafungia humo umeyafungia na unyevu wake.

Ujumbe wa sauti una tabia iliyonirudisha kwenye kile kijitabu cha DDT. Ukishatumwa, unasafiri kutoka kundi hadi kundi, mwaka hadi mwaka, bila jalada na bila tarehe. Miaka kumi ijayo mtu anaweza kuusikia Sumbawanga au Songea akadhani umerekodiwa asubuhi hiyo. Kwa hiyo kila kipande chetu kinaanza kwa kutaja mwezi na mwaka, na mahali tunapozungumzia. Kijana aliona tunapoteza sekunde. Nilimwomba avumilie, na sasa ndiye anayewakumbusha wenzake.

Toleo tunaloliandaa wakati huu ni la watu wanaofuga ng'ombe wa maziwa pembezoni mwa miji. Wale akina mama wanapokoboa, pumba haitupwi, inauzwa, na pumba ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya sumu. Ng'ombe akiila, sumu hiyo hubadilika mwilini mwake na kutoka kwenye maziwa, na maziwa yanarudi kwa mtoto yuleyule tuliyemkoboea uji. Katika makala ya kwanza neno pumba halikuwamo hata mara moja. Nimemwomba kijana anitafutie wauzaji wa pumba wa rejareja kabla hatujarekodi, nikae nao na nione wanapata mzigo kwa nani, wanauhifadhi wapi wakati wa mvua, na mfugaji huwauliza nini anapokuja kununua. Wakishaniambia, nitajua sentensi ya kwanza iwe ipi.